Masomo Manne Aliyoyakwepa Kaka

Kila alasiri akitoka shule, kabla hata hajavua sare, Chiriku alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani akamtungia mama yake uzi kwenye sindano. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake alikuwa mshonaji. Miaka mingi ya kushona vitambaa vyeusi ilikuwa imemchosha macho, na sasa tundu la sindano na herufi ndogo hakuviona tena. "Wewe ndiye macho yangu," alizoea kusema, na Chiriku alivimba kichwa kwa sifa hiyo.

Macho hayo yalikuwa na kazi nyingine pia. Kaka yake alikuwa chuo kikuu, na alitaka baadaye asomee shahada ya uzamili ya hisabati za fedha, yaani elimu ya kukadiria hatari kwa hesabu kabla benki haijatoa mikopo. Mteja mmoja wa mama, mhadhiri, alikuwa amewaonya mapema: "Bila masomo manne mlango huo haufunguki. Kalkulasi, aljebra, takwimu na uwezekano." Mama aliyashika majina hayo kichwani kama anavyoshika vipimo vya wateja. Kila muhula ulipokwisha kaka alileta karatasi ya matokeo, Chiriku akaisoma kwa sauti, na mama akatega sikio asikie manne yake.

Balaa ni kwamba hayakuwemo. Kaka alihudhuria kalkulasi wiki tatu, akafeli jaribio la kwanza, akaiacha. Rafiki zake walimwambia, "Chukua masomo ya mteremko, bwana! Wanaangalia alama tu." Akachukua Barua za Ofisi, Uendeshaji wa Mikutano na mengine ya namna hiyo, na alama zikang'aa.

"Palipoandikwa Barua za Ofisi, wewe soma Takwimu," alimnong'oneza Chiriku nyuma ya mlango. "Tusimpe mama presha ya bure."

Chiriku alimpenda kaka yake, na kutunza siri ya mkubwa kulimfanya ajione mkubwa. Akasoma Takwimu. Muhula uliofuata akasoma Aljebra, bila hata kugugumia.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Kaka alipomaliza chuo, jibu la maombi yake ya uzamili liliingia kwenye simu Jumamosi moja asubuhi. Alilisoma amesimama, kisha akakaa chini taratibu.

"Mpe Chiriku anisomee," mama alisema.

Kaka alimpa simu, na midomo yake ikamwambia kimyakimya: sema nafasi zimejaa.

Mama alikuwa amesimamisha cherehani. Uso wake umeinuka, unangoja. Chiriku aliutazama uso ule uliomwamini, aibu ikamjaa, machozi yakamlengalenga.

"Alama zako ni nzuri," alisoma, "lakini hukusoma kalkulasi, wala aljebra, wala takwimu, wala uwezekano. Hatuwezi kukupokea."

"Wamekosea," mama alisema. "Si umenisomea mwenyewe?"

"Hawajakosea, mama. Mimi nilikudanganya."

"Mihula mingapi?"

"Mitano."

"Nilimtuma mimi, mama," kaka alidakia. "Niliziogopa zile hesabu."

"Hesabu uliziogopa," mama alisema polepole. "Mimi hukunionea huruma?"

Hakupiga kelele. Aligeukia kitambaa chake, na siku ile nzima hakumwomba mtu yeyote amtungie uzi. Alihangaika na sindano peke yake, akijichoma vidole, na Chiriku alitamani achapwe yaishe.

Jumatatu kaka alikwenda kwa yule mhadhiri. Njia ilikuwa moja tu: arudi chuoni asome masomo yale manne, akae na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kisha aombe upya, bila ahadi yoyote. Alikubali. Asubuhi alibeba saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mchana akaingia darasani na vumbi kwenye nywele. Jaribio la kwanza la kalkulasi alifeli tena. Safari hii hakuiacha.

Muhula ulipokwisha alileta karatasi. Kalkulasi na takwimu, amefaulu zote kwa alama za wastani. Chiriku alisoma neno kwa neno. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru. Kisha akaikunja karatasi, akavaa kandambili, akaenda kwa jirani muuza dawa ili asomewe tena.

Aliporudi, alimkuta Chiriku analia. Akavuta kiti akakaa karibu naye.

"Umesoma sawasawa, na nimefurahi," alisema. "Lakini nisikilize. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kaka yako hakutaka kuinama, na sasa anainama mara mbili. Na wewe ulidhani ni siri ndogo tu. Kama ungeniambia ukweli muhula ule wa kwanza, angejirekebisha mapema. Kitambaa kikikatwa vibaya nitakiunga, lakini mshono utaonekana."

"Utaenda kwa jirani mpaka lini, mama?"

"Sijui, mwanangu," mama alisema, akamnyooshea sindano. "Haya, nitungie uzi."