Koti la Kijivu Kitini

Maktaba ilijaa hadi ngazini, na kiti pekee kilichobaki kilikuwa kimekaliwa na koti la kijivu.

"Kaka, koti lako nalo linafanya mtihani?" Mwalimu aliuliza, gauni lake la bluu likiwa limelowa jasho.

"Lina akili kuliko mimi, dada," Karani wa mahakama akajibu, akaliondoa.

Wote wawili walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa uwakili. Karani kwa mara ya pili. Tangu siku hiyo, koti lilimshikia Mwalimu kiti kila asubuhi, na kabla mwezi haujaisha wakawa wapenzi.

"Mpenzi, umekula?" Karani alimpigia simu kutoka chini.

"Nimekula vifungu vya sheria."

"Shuka nikupe chai, utavimbiwa!"

Kisha Karani akabadilika. Shati halikupigwa pasi, jibu likawa neno moja, ukurasa mmoja akautazama asubuhi nzima. Mwalimu hakuuliza. Watahiniwa wote huchakaa hivyo, basi hakuna anayemshangaa mwenzake. Akaona tu kwamba Karani amemchoka.

Asubuhi moja mrembo mwenye gauni jekundu akaja, akalichukua koti kitini. "Mwenyewe haji tena," akasema, akaondoka.

Mwalimu akapiga simu palepale. "Yule wa gauni jekundu ni nani?"

"Usinisubiri, Mwalimu. Fanya mtihani wako." Akakata.

"Kumbe! Nitakukomesha!" Mwalimu aliiambia simu.

Mwalimu alisoma kwa hasira. Kila kifungu alichokishika alikishika ili Karani aumie. Siku ya kuapishwa angekwenda mlangoni kwake na joho, aseme: "Mtazame uliyemwacha." Sentensi hiyo aliifanyia mazoezi mengi mbele ya kioo kuliko kiapo chenyewe.

Akafaulu. Akaapa. Akaenda na joho lake jipya, mabega juu.

Mlango ulifunguliwa na gauni lile lile jekundu. Damu ikamchemka.

"Niitie bwana wako!"

"Bwana wangu? Huyo kaka yangu, tumbo moja." Dada akamtazama vizuri. "Wewe ndiye Mwalimu? Karibu, wifi. Labda wewe utamtoa kitandani."

Mchana kweupe, mapazia yalikuwa yamefungwa. Vitabu vilikuwa vimefungwa kamba chini ya kitanda. Karani alikaa juu yake, ndevu zimemvamia, amekonda amebaki macho tu.

"Sikufanya mtihani," alisema. "Kuvaa viatu tu kulinishinda. Nikaona nisikuzamishe na wewe." Akalitazama joho. "Limekupendeza sana." Akalia.

Ile sentensi ya kwenye kioo ikamtoka akilini. Lakini hasira haikuondoka, iliongezeka.

"Nani alikutuma uniamulie? Nimekuchukia muda wote huu, kumbe unaumwa, tena peke yako!"

"Nisamehe."

"Sikusamehe ng'o! Nitalipiza." Akavuta mapazia, jua likaingia lote. "Leo unakwenda kwa daktari, nami nakupeleka. Ukichoka, nakubeba. Mtihani utangoja upone, na usipoutaka tena, basi. Na simu yangu utapokea hata kama huna la kusema."

"Adhabu hiyo mpaka lini?"

"Kifungo cha maisha. Pamoja na mimi."

Karani akapangusa macho. "Rufaa hakuna?"

"Hakuna."

Akavivuta viatu, lakini kamba zikamshinda. Mwalimu akapiga magoti na joho lake jipya juu ya sakafu yenye vumbi, akazifunga yeye, akizikaza kwa hasira. Wifi alikuwa mlangoni, ameshika koti la kijivu.