Kamera Iliyomwona Mtoto wa Yudith

Sogeeni huku, na huyo aliyekaa karibu na mlango aurudishie. Hili nikilisema sipendi mgongo wangu upigwe na upepo. Wala msiniulize kama ni kweli. Yudith ni mtoto wa kaka yangu tumbo moja, na mie ndiye niliyekuwa namkanda maji ya moto. Nilikuwepo.

Alijifungua salama kabisa, mtoto wa kike, akamwita Anastazia, jina la marehemu mama yetu. Nikafunga mlango wangu Ngamiani, nikatia kanga zangu kwenye mfuko, huyo Pongwe, kulea mzazi mpaka arobaini itoke. Raha hiyo! Uji wa pilipili manga, supu ya samaki, mzazi analala, mie nakula alichobakisha. Nilinenepa kuliko mzazi!

Mtoto nilimpaka wanja mwenyewe, kama tunavyowapaka wote huku kwetu. Nyusi nene zimekutana katikati, na doa kubwa juu ya paji. Mwenye jicho baya akija, jicho linakomea kwenye doa, uso wa mtoto haliushiki.

"Shangazi," Yudith akanambia, "umemfanya mwanangu kama mwenyekiti wa mtaa."

"Nyamaza weye. Ndivyo baba yako alivyopakwa, na kura hakugombea."

Tukacheka mpaka mtoto akashtuka.

Sasa Castory, mumewe, yuko mgodini Geita. Kila akipiga simu ni wimbo mmoja: picha ya mwanangu, picha ya mwanangu, nzuri, ya kusafisha nibandike ukutani. Na simu ya Yudith ilishapasuka jicho la kamera, ukimpiga picha mtu anatokea kama kazamishwa kwenye maziwa. Ndio Farhana, rafiki yake wa shule, binti wa mzee Khozema mwenye duka pale Ngamiani, akasema nyumbani kwao kuna kamera ndogo ya dijitali, imelala tu kabatini, ataileta.

Akaja nayo asubuhi. "Shikamoo Bi Leti."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo hiyo? Mbona kama kipande cha sabuni?"

Haki ya Mungu, kilikuwa kidogo hivyo, cha rangi ya fedha. Farhana akafungua kifuniko chini, akatia betri mbili, zilezile za redio. Haikuwaka. Nikamwambia kageuza, akageuza, haikuwaka tena. Kumbe kageuza zote mbili, na iliyokosewa ni moja! Akaigeuza hiyo. Akatia na kadi ya kutunzia picha, ndogo kama ukucha wa dole gumba. Akabonyeza. Lo! Ikatoa mdomo nje kama kobe, zzzii, mie nikaruka na kiti. Yudith alicheka mpaka akashika tumbo, anasema Shangazi usinichekeshe, mwenzio nimeshonwa.

Ikauliza tarehe. Tukaijaza. Farhana akatuonyesha kwenye kioo cha nyuma: ukimlenga mtu, kinatokea kimraba cha kijani, kinauzunguka uso wake. Hapo kamera imeshamwona. Na kuna mahali ukiweka, inapiga yenyewe mtu akitabasamu, hugusi kitu. Akanijaribia mie. Kwa mdomo huu wangu! Kacha, kacha, kacha. Ikapiga mpaka Farhana akasema, "Bi Leti funga meno, utaijaza kadi."

Nikawaacha wanampanga mtoto kitandani, mie nikaenda uani kupara samaki.

Haya yaliyotokea ndani Farhana ndiye aliyenihadithia, kwa mdomo wake. Walimlenga mtoto, kimraba hakuna. Wakasogea, hakuna. Wakafungua dirisha, hakuna. Farhana akasema labda wanja unaichanganya kamera, haioni kama ni uso. Na Yudith, mtoto wa watu, anamtaka mumewe afurahi, akachukua pamba na mafuta ya nazi, akamfuta. Nyusi, doa, vyote. Uso ukabaki mweupe peee.

Kimraba kikatokea hapohapo.

Wakapiga makofi. Halafu kikatokea cha pili.

Mlangoni. Kwenye pazia. Juu kidogo, pale kichwa cha mtu mzima kinapofika.

Farhana akasema ni kamera tu, imedanganywa na maua ya pazia. Wakapiga, wakaiangalia picha. Mtoto yupo, kitanda kipo, mlango upo. Mtu hakuna. Ila pazia limesogezwa kando, kama mtu anapochungulia.

Mie naingia na samaki wangu nakuta mtoto uso mtupu. Nilipiga kelele Pongwe nzima ikasikia. Nikachukua wanja, nikampaka upya, nene kuliko mwanzo. Nikamwambia Farhana, hebu mlenge tena sasa. Nilitaka nikione kile kimraba kinapotea.

Hakikupotea. Kikamkaa mtoto usoni palepale, na wanja wake wote.

Nikajua. Ameshaonekana.

Farhana akaenda zake, kamera akatuachia. Laiti angeondoka nayo. Maana mtu ukishajua kuna kitu chumbani, unataka kujua kiko wapi. Kila asubuhi Yudith alikuwa anaiwasha. Simtumi, nasikia tu zzzii, naacha nilichoshika naenda. Siku ya kwanza mlangoni. Baadaye kwenye kabati. Baadaye kwenye miguu ya kitanda. Hakina sura, hakina kivuli. Kimraba cha kijani tu, kimezunguka hewa tupu.

Na kila mara kinasogea.

Tukamwita padri, mtu mwema, akanyunyiza maji ya baraka kila kona. Tukaiwasha. Kimraba kikawa nyuma ya padri. Hatukumwambia. Ungemwambia nini?

Tukamwita na shekhe wa jirani, akasoma, akafukiza ubani, akatoka jasho linamtiririka. Akaninong'oneza barazani, "Mama, hiki hakikutumwa na mtu. Kimejipitia, kimeona, kimependa." Nikamuuliza tufanye nini. Akavaa viatu.

Nikasema basi, nazitoa betri. Tusione, tusijue. Nikazitupa chooni kwa mikono yangu. Siku mbili tukalala. Lakini Yudith ndiye alianza kudhoofu, anatazama kila pembe. "Shangazi, nilipokuwa nakiona, nilijua sijakikalia. Sasa najua nini?" Akanunua betri nyingine.

Akaiweka juu ya kabati, imewashwa, inatazama kitanda. Ilikuwa mchana kweupe, jua kali. Mtoto kalala. Sisi tuko kizingitini tunachambua mchele, mlango uko wazi, hakuna awezaye kupita bila kuturuka.

Ndani ikalia. Kacha.

Tukatazamana.

Kacha.

Kumbe bado iko kwenye ule mpangilio wa Farhana, wa kupiga yenyewe. Inapiga mtu akitabasamu.

Yudith akaingia mbio. Mtoto kalala, mdomo umefumba. Tukaangalia picha. Mtoto kalala, mdomo umefumba. Shuka tu pembeni yake limebonyea, kama mtu kakaa.

Hapo kicheko changu mie kiliisha.

Toka siku ile Anastazia hakulilia ziwa. Yudith akimpa, anageuza uso. Analala, anaamka, anacheua maziwa. Maziwa ya nani? Mamake matiti yamevimba, yanauma, yanalowesha kanga, analia anakamua kwenye bakuli. Tukampeleka hospitali. Daktari akampima mtoto, akacheka, akasema mbona ananawiri, mama hongera unanyonyesha vizuri. Yudith akafunika kwa kanga kifua kilicholowa.

Na kweli alinawiri. Mashavu haya! Mikono ina mikunjo! Ukimnusa shingoni, harufu ya maziwa, lakini siyo ya mamake. Ina kitu kama majani mabichi.

Nikampigia Farhana aje aichukue kamera yao. Akajibu kwa sauti ya chini, kama mtu anasikilizwa. "Bi Leti, baba kasema msiirudishe." Nikamuuliza ilikuwa ya nani. Akakata.

Mara ya mwisho niliishika mie. Yudith kakaa kitandani, kampakata mtoto, kaniomba. Anataka ajue kile kitu kiko wapi. Nikailenga. Kimraba kimoja kwa mtoto. Kimoja kwa Yudith, usoni. Nikashusha pumzi. Nikaizungusha chumba kizima, kona zote, hakuna kingine, nikairudisha kwao.

"Kimeondoka?" akanong'ona.

"Kimeondoka, mwanangu."

Akalia kwa furaha, akageuza uso dirishani ajifute machozi.

Uso wake ukageuka.

Kimraba hakikugeuka.

Kilibaki palepale, mbele ya shingo yake, kimeinama kidogo. Kumtazama mtoto. Na mtoto alikuwa anakitazama. Akatabasamu, tabasamu lake la kwanza, na halikuwa la mamake.

Sikumwambia Yudith. Nimwambie nini, kwamba kimekaa alipokaa? Nikaizima, nikasema haina moto. Arobaini ikatoka, watu wakala pilau, Castory akaja, akambeba bintiye akazunguka naye mtaa mzima. Kila mtu anasema Yudith kazaa mtoto mzuri. Yudith anaitikia asante, asante, maziwa yake yakawa yamekauka.

Mie nikarudi kwangu. Lakini siku ya kuondoka nilimwogesha Anastazia kwa mara ya mwisho. Nikamlaza kifudifudi kwenye mapaja yangu, nikammwagia maji. Nyuma ya paja lake, kwenye nyama laini pale mtu anapompakata mtoto, kulikuwa na mistari. Myembamba, ya duara, imepangana mmoja juu ya mwenzake, imekandamizwa ngozini. Alama za bangili.

Yudith havai bangili. Mie sivai. Nilisugua kwa sabuni, nikasugua tena, nikamfunika kanga.

Jana kanipigia simu. Anasema mtoto hajambo, ameanza kukaa. Kumbe zile alama naye alishaziona: anasema sasa zipo na za mkono wa pili, mgongoni.