Sajini Chini ya Meza

Fundi alikuwa barazani akishona sare za shule. Miguu yake ilikanyaga cherehani, midomo yake ilibana pini. Pembeni yake mumewe alikaza vifungo kwa sindano ya mkono. Watu walimwita Sajini, kwa sababu hicho ndicho cheo alichorudi nacho kutoka jeshini. Alirudi pia na sikio moja lisilosikia.

"Kifungo chako hakitoki hata kwa koleo," Fundi alimtania.

"Jeshini kifungo kikilegea, unakazwa wewe."

Fundi alicheka. Siku hizi utani wa mumewe ulikuwa haba, kwa hiyo kila ulipokuja aliupokea kama mgeni.

Mteja mmoja alikuja kuchukua sare ya mwanawe. Alipoipokea alisita, kisha akatoa simu.

"Fundi, samahani. Hawa si nyinyi?"

Ilikuwa video. Ilionyesha ukumbi uliopambwa kwa Krismasi. Mwanamume alijitupa chini ya meza huku akimvuta mtoto wa kike. Watu walikuwa wakicheka. Chini ya video paliandikwa: "Wanateseka. Wasaidie wanajeshi wastaafu na familia zao wapate Krismasi. Changia leo."

Sajini aliitazama mpaka mwisho. Akachomeka sindano kwenye kitambaa, akainuka, akaingia ndani.

"Sikuwa na nia mbaya," mteja alisema.

"Najua," Fundi akajibu. "Hakuna mwenye nia mbaya. Ndiyo maana inauma."

Mambo yalikuwa hivi. Krismasi iliyopita, kamati ya hisani ya mtaa iliwaalika wanajeshi wastaafu na familia zao ukumbini. Mwenyekiti wa kamati alikuwa muuza magodoro, mtu mkarimu mwenye sauti kubwa. Familia zilipandishwa jukwaani moja moja. Kila familia ilipewa unga, sukari na mafuta, kisha ikapigwa picha. Watoto waliambiwa watabasamu. Wazazi waliambiwa wasitabasamu sana.

Baada ya chakula, kamati ilirusha fataki nje ya dirisha. Ilitaka kuwashangaza wageni, kwa hiyo haikumwambia mtu. Sajini hakusikia fataki. Alisikia vita. Alimvuta binti yake chini ya meza, akamlalia ili amkinge. Kidevu cha mtoto kiligonga ukingo wa meza, kikapasuka. Damu ilichuruzika kwenye gauni jipya aliloshonewa na mama yake. Watu walidhani ni mchezo, wakacheka. Mmoja wao alikuwa anarekodi.

Video ilienea mtaani. Wakati huo Sajini alikuwa mlinzi wa ghala. Bosi wake alimwita.

"Mlinzi anayekimbia fataki, mwizi akija na bunduki itakuwaje?"

Akamwachisha kazi. Shuleni, watoto walimpa binti yake jina: Chini ya Meza. Tangu hapo Sajini hakuvuka baraza lake. Na sasa kamati ilikuwa imeichukua video ile ile ili ichangishie fedha.

Jioni Fundi alikwenda kwa jirani yake, muuguzi wa zahanati. Alimkuta uani akifua.

"Dada, niambie ukweli. Mume wangu ni mwoga?"

Muuguzi alikamua shati, akalianika. "Mwoga angekimbia peke yake. Mumeo alimkinga mtoto kwanza. Ule ni ugonjwa, si woga. Mtu aliyekaa vitani, mwili wake hujifunza kwamba kishindo ni kifo. Vita vikiisha, akili inajua. Mwili haujui."

"Unatibika?"

"Unatibika, ila si kwa siku moja. Pale zahanati tuna mshauri. Kuna na kikundi cha wanajeshi wenzake, wanakutana na kuzungumza. Kazi ni kumfikisha."

"Atatokaje? Kila anayepita, anaona kama ana ile video mfukoni."

"Basi tuanze na video. Mtu hapigwi picha, wala picha yake haitumiwi, bila ridhaa yake. Na anayepewa msaada ndiye wa kuulizwa zaidi, kwa sababu anaona haya kukataa."

Kamati ilipokutana, wanawake hao wawili waliingia ukumbini pamoja. Mwenyekiti alifurahi kuwaona.

"Fundi, karibu sana! Mwaka huu tumejipanga. Ile video imegusa watu, michango inamiminika!"

"Ifuteni," Fundi alisema.

"Tuifute? Mama, watu hawatoi bila kuona machozi. Dunia ndivyo ilivyo. Tuliwaita, tukawalisha, tukawapa na vya kubeba. Leo unatujia hivi? Kweli shukrani ya punda ni mateke."

"Punda huyo alibeba mzigo wenu, Mwenyekiti," Fundi alisema. "Mlipolala, yeye alikuwa macho mpakani. Unga wenu tulikula, ukaisha. Kovu la mwanangu lipo. Kazi ya mume wangu haijarudi. Hebu niambie wewe, tulipewa au tulinyang'anywa?"

Kutoka viti vya nyuma alisimama mjane mmoja. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa jeshi.

"Mimi mlinipa sukari," alisema. "Nina kisukari. Nilikuwa nahitaji nauli ya kwenda kliniki. Hakuna aliyeniuliza."

Hapo muuguzi akasimama. "Hakuna anayewakataza kusaidia. Kutoa ni moyo. Lakini moyo bila masikio unaumiza. Nendeni kwa kila familia, faraghani, muwaulize wanahitaji nini. Msitangaze majina yao. Anayechangia mwonyesheni hesabu, msimwonyeshe machozi ya mwenzake. Na fataki acheni. Mnawaalika watu waliotoka vitani, halafu mnawalipulia baruti?"

Wajumbe walipiga kura, wakayakubali yote. Video ikafutwa kwenye ukurasa wa kamati. Kwenye simu za watu ilibaki. Maji yakimwagika hayazoleki, na Fundi alilijua hilo.

Mwenyekiti hakuomba radhi. Alisema tu, "Haya, tujaribu. Tukikosa michango msinilaumu."

Mwanzoni alionekana kuwa sahihi. Kwaya iliimba sokoni, lakini sanduku la michango lilibaki jepesi. Kinyozi alitoa mapato yake ya siku nzima. Wanawake waliuza maandazi. Kisha kamati ikabandika hesabu kwenye mlango wa ukumbi: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki. Watu walisimama kuisoma. Waliona fedha zao zilikokwenda, wakarudi kutoa tena. Mwenyekiti naye alitoa magodoro mawili, bila kupigwa picha, ingawa ilimuuma.

Kamati ilimtuma muuguzi kuziuliza familia, naye akamfuata Sajini barazani.

"Sajini, familia yako inahitaji nini Krismasi hii?"

Sajini alikata uzi kwa meno. "Kazi yangu."

"Hiyo sina uwezo nayo."

"Najua. Umeuliza, nami nimejibu."

Alishona kifungo kingine kabla ya kusema tena. "Basi watoto wangu wapate chakula chao nyumbani. Si ukumbini. Na mtaani humu kisilipuliwe kitu."

Muuguzi alipita nyumba kwa nyumba akiwaeleza majirani. Wengi walielewa. Mmoja alimwambia fataki ni haki yake, akamfungia mlango.

Wiki hiyo Sajini alikubali kwenda zahanati. Alitembea na mkewe, kofia imeshuka hadi machoni. Alirudi amechoka kama aliyebeba magunia. Wiki iliyofuata alikwenda tena, na safari hii hakuambiwa na mtu.

Siku ya Krismasi kulikuwa na wali na nyama nyumbani kwao. Binti alikuwa na viatu vipya, alivyochagua mwenyewe dukani. Walipokuwa wanakula, kishindo kikasikika kutoka mtaa wa pili. Sajini alishika meza kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka.

"Ni mbali, Baba," binti yake alisema, akaweka mkono juu ya mkono wake. "Ni fataki tu."

Sajini alipumua polepole, kama alivyofundishwa zahanati. Alitetemeka muda mrefu. Lakini hakuondoka kwenye kiti.

Kidogo hodi ikapigwa. Alikuwa Mwenyekiti, amevaa suti, ana kreti ya soda. Sajini alikwenda mlangoni mwenyewe.

"Heri ya Krismasi, Sajini. Nimepita kuwaona. Mmefurahi?"

"Watoto wamefurahi."

"Na yale ya mwaka jana, kaka... tumeshayasahau, sivyo?"

Sajini alimtazama usoni. "Wewe umeyasahau. Mimi bado."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Aliiweka kreti chini. "Basi nitakuja siku nyingine."

"Njoo," Sajini alisema. "Lakini piga hodi kama leo."

Alifunga mlango taratibu, akarudi mezani, akamsogezea mkewe sahani.

"Mama watoto," alisema, "niongezee wali."