Matope ya Mwezi wa Saba

"Ngano imefika?" sauti iliuliza kwenye simu.

"Imefika, tata," Huguette Ngoyi alijibu. "Lakini hii si ngano yetu."

Tata Banza, mkuu wake aliyekaa Lubumbashi, alizoea taarifa mbaya, ila hii ilimbidi aulizie tena.

"Uko na hakika?"

"Mi nilikaa kwa mama ya Kulwant kule Ludhiana myaka ine, nikiwa nasoma. Huyu mutu sijamuonaka hata siku moja."

"Basi usimuguse. Ma-tracteur yao inatoka saa sita, inaenda Sandoa. Kisha Dilolo, kisha Angola. Mupaka bakishauvuka na sahihi yake, Kulwant hawatamuhitaji tena. Na ukimukamata huyu wa uongo sasa, simu moja tu, banamuua. Tafuta kwanza Kulwant."

"Mi peke yangu?"

"Wengine niko natuma. Beko mu njia."

Siku zote walikuwa njiani. Huguette alikata simu, akarudi ukumbini kwa mwendo wa mtu ambaye magoti yamemchoka kabla ya saa nne asubuhi.

Hoteli ilikuwa Manika, mjini Kolwezi, na leo yeye, mpelelezi, alijifanya mkalimani. Akiwa na miaka arobaini na minane, kazi ya kusimama ukumbini na kutafsiri ilimfaa kuliko kukimbizana na watu juu ya mapaa. Mbele yake alisimama mwanamume mnene aliyevaa suti ya bei, na kadi kifuani: Mhandisi Kulwant Sandhu, Ludhiana, Punjab.

Kulwant wa kweli alikuwa ameleta trakta sita za kampuni ya Sonalika kwa wakulima wa Sandoa, na leo ilikuwa sherehe ya kuziaga. Juzi alimpigia Huguette akicheka, kwamba amefika Kolwezi na vumbi limemjaa mpaka kwenye meno. Baada ya hapo simu yake ikawa haijibiwi.

Huyu tapeli alikuwa amesoma. Alieleza kwamba jina Punjab maana yake ni maji matano, na kwamba mwaka 1947 nchi ilipokatwa, mito miwili ikabaki ng'ambo, Pakistani. Akataja mji mkuu, Chandigarh, ambao Punjab inaugawana na Haryana. Akataja ngano inayopandwa Novemba na kuvunwa Aprili, na baiskeli za Ludhiana. Wakubwa waliokaa mbele wakapiga makofi.

Huguette alitafsiri yote, neno kwa neno. Moyoni alimchukia. Babu yake Kulwant alivuka mpaka ule kwa miguu, na mpaka anakufa hakuweza kuutaja mwaka huo bila kunyamaza kwanza. Huyu aliutaja kama namba ya nyumba. Wala hakusema kwamba maji ya chini kule yanakwisha, kwamba kila mwaka wanachimba visima virefu zaidi kuifuata ngano ile ile. Huguette aliijua habari hiyo bila kusoma. Kolwezi nzima ilikuwa ikichimba hivyo hivyo, ikifuata madini.

Wakati wa chai alitoka uani. Trakta ya kwanza ilikuwa imepambwa kwa utepe. Akajitia kuistaajabia, akainama, akagonga tairi kubwa la nyuma kwa funguo zake.

Hakukuwa na sauti ya maji.

Shamba la nyumbani kwao, Kulwant hakuwahi kuwasha trakta kabla ya kujaza maji kwenye matairi ya nyuma, robo tatu, ili yakamate udongo. Wakulima wa kwao wengi hufanya hivyo. Lakini tairi hili lilikaa chini, zito, na kwenye ukingo kulikuwa na mikwaruzo mipya ya vyuma. Huguette alibonyeza valvu ya tairi. Ikatoka pumzi, na unga wa kijani ukamwingia kwenye kucha.

Kobalti, madini ya magendo. Walikuwa wameyamwaga maji ya Kulwant na kushindilia unga mahali pake.

Sasa, maji ya trakta sita yanamwagwa wapi?

Getini alikaa Muamba, mzee wa taxi-moto aliyembeba tangu enzi za pikipiki mbovu zaidi ya hii.

"Tata Muamba, lelo matope iko wapi?"

Muamba alimtazama kama mgonjwa. "Matope? Mwezi wa saba? Mama, mvua ilituachaka tangu mwezi wa ine!" Kisha akakuna kidevu. "Ngoja. Kuko depo moja ya zamani, njia ya Mutoshi. Asubui niliteleza pale. Mama mumoja nilimuangusha na beignets, mandazi yake yote. Alinitukana mupaka na babu yangu."

"Twende. Mbio."

"Mbio gani, na hii moto?"

Pikipiki yake ya Haojue ilikohoa, ikaondoka. Vumbi jekundu lilifunika kila kitu, majani, mapaa, watu. Halafu, nyuma ya ukuta wa depo, ardhi ikawa nyeusi na yenye kung'aa. Matope.

Huguette alimwacha Muamba barabarani, akasukuma lango.

Mlinzi mmoja. Kalashnikov. Kijana huyo alimwona, akapiga kelele, akaja mbio.

Hakufika. Miguu ilimtoroka kwenye utelezi, akaanguka chali, bunduki ikaruka. Huguette aliikanyaga na kumwelekezea bastola yake ya zamani, Browning.

"Baki pale pale, mwanangu," alisema kwa uchovu. "Mi sina nguvu ya kukukimbiza." Akamfunga mikono kwa mkanda wake mwenyewe.

Kulwant alikuwa ndani ya kontena, midomo imepasuka. Walikuwa wamemvua kilemba chake, wakamfungia mikono kwa kitambaa kile kile. Alipoona ni nani, alilia bila kujificha.

"Bhenji," alisema, neno la kwao la kumwita dada.

Huguette alimfungua, naye macho yakamlowa. Akatoa redio ndogo mkobani.

"Banza, ngano iko ghalani. Nzima."

"Bien reçu, nimesikia. Tunamukamata ule wa uongo."

Baadaye walimsimulia: polisi walimkuta tapeli jukwaani, akiwa kwenye mto wa nne.

"Huguette!" redio iliita tena. "Mutoe pale! Mukuye wote wawili sasa hivi, wakubwa banangoya ripoti."

Alimtazama Kulwant. Alikuwa amekaa chini, kitambaa kichafu magotini, akikikunjua kwa vidole vilivyovimba, nywele zake ndefu zimemwangukia mabegani. Katika miaka minne nyumbani kwao, Huguette hakuwahi kumwona hivyo, kichwa wazi, jambo ambalo kwao ni fedheha mbele ya watu.

Alizima redio. Akamwekea simu yake sakafuni, namba ya Ludhiana tayari kwenye kioo.

"Ukimaliza, mpigie mama kwanza," alisema.

Kisha akatoka, akasimama mlangoni akimpa mgongo, na kumzuia kila aliyekuja, hata afisa wa kwanza aliyefika akihema. Kulwant alikifunga kilemba chake taratibu, mkunjo juu ya mkunjo. Sauti ya mwanamke mzee iliposikika kwenye simu, Huguette aliondoka kuelekea barabarani, viatu vimejaa matope.

"Kwa nani sasa, mama?" Muamba aliuliza.

"Kwangu. Na pole pole."