Aliyebaki Lamboni

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi, maduka ya mtaa wa Somanda nayo yakaanza kuuza filamu za kamera. Hapo ndipo Mwalimu Athanasi na mkewe Generoza, wote wastaafu, walipopata ugonjwa wa uzeeni: kupiga picha ndege. Majirani waliwacheka. Ndege ni kitoweo, sasa picha yake mtaila na ugali? Wao hawakujali. Tangu binti yao Shida aolewe Lamadi, kamera ile moja ndiyo iliyowarudishia uchumba.

Jioni hiyo walikwenda lamboni, ng'ombe wakiwa wamekwisha kunywa na kuondoka. Walikuwa na hila yao. Waliingia wote wawili kwenye kibanda cha matete, kisha mmoja akatoka akiimba wimbo wa kanisani ili ndege wamwone anakwenda zake. Ndege hajui kuhesabu. Akimwona mtu katoka, hudhani kibanda ni kitupu, akarudi majini. Zamu ya kutoka ilikuwa ya Generoza. Sauti yake ikafifia kuelekea barabarani.

Athanasi akabaki, jicho kwenye kamera.

Korongo hawakurudi. Vyura nao wakanyamaza...

Matete yakachakarika nyuma yake. Magoti yakalia, yale yale ya Mama Shida, na mtu akaketi kwenye kigoda cha pembeni. Athanasi hakugeuka, maana kugeuka kunafukuza ndege. Alisikia harufu ya mafuta ya nazi ya mkewe. Chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ya tope la chini kabisa ya lambo. Akadhani ni viatu.

"Subiri," mkewe akanong'ona, kama siku zote.

Akasubiri. Jua likazama.

Kisha wimbo ukasikika. Ulitoka barabarani, unakuja.

"Baba Shida, giza linaingia. Toka twende nyumbani."

Ilikuwa sauti ya Generoza. Athanasi akainua kichwa kutoka kwenye kamera. Kabla hajafungua kinywa, mkono ukamshika.

"Usiitike," wa ndani akanong'ona. "Nimepishana naye njiani. Ndiyo maana nimerudi mbio."

Kibandani giza lilikuwa limejaa, uso hakuuona. Athanasi akauliza jina la mtoto wao wa kwanza, yule waliyemzika mchanga, ambaye hawakuwahi kumtaja mbele ya watu.

"Milembe."

Walijibu wote wawili. Wa ndani na wa nje, kwa pamoja.

Athanasi akaupapasa ule mkono. Ulikuwa na joto, na kovu la kisu lilikuwa pale pale alipolizoea. Akauamini. Akatoboa matete upande wa pili, wakatoka mbio wameshikana, bila kutazama nyuma. Yule wa nje hakuwafuata. Alilia tu.

"Baba Shida... unaniacha na nani?"

Asubuhi alimkuta mkewe anakoroga uji, moyo ukamtulia kidogo. Ndipo akaja Mayala, mchunga ng'ombe wa kule lamboni. Akamwamkia, "Mwangaluka, mwalimu," akamvuta pembeni. Alikuwa amekuta nyayo za mwanamke zimezunguka kibanda, zikazunguka tena, zikaishia majini. Babu zake, alisema, walikijua kitu kinachoishi mle. Kinaiga sauti, kinaiga mwendo, hata joto la mwili.

"Kinashindwa kulia tu," Mayala akasema. "Hilo hakijawahi kuliweza."

Siku ile Athanasi alirudi lamboni peke yake. Aliita mpaka sauti ikamkauka, huku anamwomba mkewe msamaha. Maji hayakutikisika. Alirudi nyumbani amejaa tope hadi magotini, na yule aliyekoroga uji asubuhi alikuwa amekwisha kumpashia maji. Akapiga magoti, akamwosha miguu taratibu, kwa upole ule ule wa miaka yote.

"Leo umemwita sana Generoza kule lamboni," akasema. "Ulikuwa unamtafuta nani?"

Athanasi alitamani kupiga yowe. Akasema hakuna mtu. Akasogezewa ugali, akala.