Nyaya za Gaolathe

Ganda la chumvi lilipasuka bila kelele. Pikapu ilikuwa inakwenda vizuri, Gaolathe kashika usukani kwa mkono mmoja na mwingine ukipunga upepo dirishani, mara pua ya gari ikainama, matope meusi yakarukia kioo, na abiria wake wawili wakajikuta wameegemea dashibodi. Magurudumu yalizunguka, yakachimba, gari likalalia tumbo.

"Nilikwambia tuzunguke," alisema Kelebonye, dada yake mkubwa.

"Ulisema tuzunguke kama mvua imenyesha. Hukusema kama ilinyesha."

"Kwani mimi ndiye mvua?"

Walikuwa wanatoka moraka, kambi yao ya ng'ombe kusini mwa Gweta, wanarudi nyumbani Serowe. Gaolathe aliamua kukata katikati ya uwanda wa chumvi badala ya kufuata barabara. Kila Januari watu huonywa wasifanye hivyo, na kila Januari yupo mwanamume anayeamini kwamba onyo hilo wamepewa wengine. Mtu wa tatu garini alikuwa Oabona, mume wa Kelebonye, kinyozi ambaye wateja humngojea hata kama viti vya kinyozi wa jirani viko vitupu.

Walichimba kwa koleo, kwa sufuria na kwa mikono. Matope yalinuka mayai viza na yalinata hadi magotini. Oabona ndiye aliyeshika mpini wa jeki ndefu, akipandisha gari ili Gaolathe asukumie mbao chini ya gurudumu. Kiganja kilikuwa na matope. Mpini ukamponyoka, ukaruka juu kwa uzito wote wa gari, ukampiga mkono.

Alikaa pale kwenye matope akautazama mkono wake wa kulia, ule anaoshikia mashine ya kunyolea, umepinda mahali pasipo na kiungo.

"Usiuangalie," Kelebonye alimwambia. "Niangalie mimi." Aliwahi kufanya kazi jikoni mgodini, ambako hata mpishi hufundishwa huduma ya kwanza. Alivunja kreti, akaweka ubao pande mbili, akafunga kwa kanga ya kichwani. Kisha akambonyeza ukucha mmoja mmoja, akingoja wekundu urudi. Ulirudi, lakini ulijivuta.

"Shemeji, unaumwa sana?" Gaolathe aliuliza.

"Hapana, nimejipumzisha. Wewe chimba."

Gari lilipotoka shimoni jua lilikuwa limegusa ukingo wa uwanda. Gaolathe aliliendesha polepole hadi kwenye kisiwa cha nyasi, ardhi ngumu, akazima injini. Gizani hakuna anayeweza kutofautisha chumvi kavu na chumvi iliyofunika tope, na kuzama mara ya pili na mgonjwa ndani kungekuwa wazimu. Wakakubaliana kungoja mwanga. Uamuzi ule ulikuwa sahihi kabisa, ila hakuna aliyefikiria nyaya.

Hapa lazima nieleze habari ya nyaya, maana Gaolathe mwenyewe angewaeleza hata kama msingeuliza. Pikapu ile ilikuwa kuukuu, ya dizeli, ya gia za mkono, lakini umeme wake ulikuwa fahari ya mtaa mzima. Alikuwa ameufunga yeye, kwa mikono yake: friji ya nyama nyuma, feni juu ya usukani, redio ya kuongea na wenzake, safu ya taa juu ya paa, pampu ya maji ya kunywa inayojiwasha yenyewe. Na juu ya yote, kamera ya kioo cha mbele. Mwaka uliotangulia wezi walimng'olea gurudumu la akiba akiwa amelala hatua chache kutoka garini, basi akaapa kwamba kamera ile haitalala. Waya wake aliupitisha chini ya mapambo ya paa kwa ndani, ukashuka nguzo ya mlango bila kuonekana, ukaingia kwenye fyuzi ambayo huwa na moto hata ufunguo ukitolewa.

Kamera ilikuja na kisanduku kidogo cha kuunganishia. Kazi ya kisanduku ilikuwa moja: betri ikishuka sana, kinakata umeme, ili gari libaki na nguvu za kuwaka. Wiki ya kwanza kilikata kweli, na Gaolathe akaamka kukuta kamera imezimika. Akakasirika. Akasema kisanduku ni kibovu, akakitoa, akaunganisha waya moja kwa moja. Kamera ikawa inakesha bila matatizo, na mwenye gari akatamba mtaani kwamba waliotengeneza ile kamera hawajui kazi.

Asubuhi alizungusha ufunguo. Tak, ikasema stata, ikanyamaza. Taa za dashibodi zilikuwa hafifu, za rangi ya chai ya maziwa. Pembeni ya kioo jicho dogo la kamera lilikuwa bado linawaka, kwa sababu turubai waliyoitandika jioni juu ya boneti ilikuwa imepigwa na upepo usiku kucha na kila ilipopepea kamera ilidhani ni mwizi.

"Friji je?" aliuliza Kelebonye.

Gaolathe aligusa friji. "Imejizima yenyewe. Ina kinga yake."

"Kumbe friji ina akili."

Gaolathe alifungua mlango wa upande wa abiria na kutazama mkono wa shemeji yake. Vidole vilikuwa vimevimba na vimekuwa vya kijivu. Kelebonye alibonyeza ukucha wa kidole cha shahada, wakangoja wote watatu, na wekundu ulichukua muda mrefu mno kurudi.

"Una ganzi?" alimwuliza mumewe.

"Tangu alfajiri."

Kelebonye alilegeza kanga, akaunyanyua mkono juu ya mto wa magunia. Aliongea na mdogo wake kwa sauti ya chini, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililomtisha Gaolathe. "Mfupa umebana mshipa. Kama damu haiendi, huu mkono wanakata. Leo afike hospitalini Letlhakane."

Simu hazikuwa na mtandao, na redio ilikuwa ya masafa mafupi, haikumpata mtu. Kutembea kwenye chumvi ile chini ya jua la Januari na mtu aliyevunjika mkono lilikuwa jambo la kufikiria na kuliacha. Kwanza maji. Tangi lilikuwa chini ya sakafu ya gari, na Gaolathe alikuwa amelitoa bomba lake la zamani la kufungua kwa mkono kwa kuwa pampu ilipendeza zaidi. Sasa alilala chini ya gari, akachomoa mpira wa pampu, akaunyonya kwa mdomo mpaka maji yakaja na ladha ya plastiki. Oabona alikunywa kikombe kizima.

"Umetuletea maji kama punda mgonjwa," alisema.

"Kunywa, shemeji, uendelee kutukana."

Hawakuweza kulisukuma gari liwake kwenye nyasi zile. Gaolathe alilizunguka, akasimama nyuma yake, akapiga bodi kwa kiganja. Alikuwa amepata la kufanya, na tangu hapo hakusita tena. "Tutalizungusha kwa kamba. Gurudumu moja la nyuma linaning'inia hewani, tunalifunga kamba, tunavuta. Likizunguka kwa kasi, klachi inaachiwa, injini inashika. Dizeli hii haidai umeme mwingi, ni wa kufungulia mafuta tu."

"Na jeki ile ile?" Kelebonye aliuliza.

"Jeki ile ile. Safari hii ninapandisha mimi, na kiganja kikavu."

Alipangusa mpini kwa mchanga, akapandisha. Magurudumu mengine aliyawekea mawe na mbao. Oabona walimhamishia kiti cha dereva: mguu wa kushoto kwenye klachi, mkono wa kushoto kwenye gia, mkono mbovu juu ya magunia. Alikuwa anatoka jasho baridi, lakini mguu wake ulikuwa mzima.

Mkanda wa kuvutia magari uliteleza kwenye tairi lenye tope. Kelebonye akaenda nyuma akarudi na kgole, kamba ya ngozi ya ng'ombe waliyofungia mizigo kutoka moraka. Aliichovya ndani ya maji ya tope. Ngozi ikilowa hung'ang'ania. Waliizungusha kwenye tairi, wakajipanga, mtu na dadake, wakavuta kwa kukimbia.

Gurudumu lilizunguka. "Achia," Gaolathe alisema. Oabona akaachia klachi. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikafa.

Wakarudia. Ikakohoa, ikafa. Mara ya tatu Kelebonye alianguka kifudifudi kwenye chumvi, akainuka na damu kidevuni, na badala ya kurudi kwenye kamba akaingiza kichwa dirishani.

"Mbona hii feni inazunguka?"

Gaolathe akachungulia. Kila ufunguo ulipowashwa feni ilizunguka, redio ikawaka, pampu ikanguruma chini ya sakafu ikitafuta maji, kamera ikamulika. Vyote vilikuwa vinakunywa kwenye betri ile ile iliyokauka, na umeme uliokusudiwa kufungua mafuta ulikuwa haufiki.

"Vizime."

"Vingine havina swichi, dada. Vimeungwa pamoja." Alisita kidogo. "Na nyaya ziko ndani ya mapambo. Zilinichukua mwezi mzima."

Oabona, macho yamefumbwa, alisema, "Gao, nikirudi Serowe na mkono mmoja nitakunyoa kwa meno."

Gaolathe alitoa kisu. Alianza na mapambo ya paa, akayang'oa yakavunjika, akauvuta waya wa kamera wote kutoka nguzoni, mrefu, safi, uliofungwa vibanio kila shubiri. Akaukata. Akakata wa redio, wa feni, wa pampu, wa taa za paa. Kwenye sanduku la fyuzi alikuta mahali alipokandamiza nyaya mbili kwenye fyuzi moja kwa karatasi ya fedha ya sigara, kazi aliyoionyesha watu wengi na kujisifia, akaona haya peke yake na kuing'oa. Alipomaliza, dashibodi ilikuwa imekaa kama kuku aliyenyonyolewa, na kiganja chake kilikuwa na mikato ya shaba. Akafunga boneti, akaomba wangoje kidogo, betri ikusanye pumzi zake.

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kuvuta. Joto lilipanda kutoka chini. Kwa mbali uwanda uliota maziwa ya maji ambayo hayapo. Kelebonye aliendelea kubonyeza kucha za mumewe na sasa aliungojea wekundu kwa muda mrefu zaidi.

"Shika kamba," hatimaye Gaolathe alisema.

Waliilowesha kgole upya na kuizungusha mara nyingi zaidi. Alimwambia dada yake asivute kwa mikono, avute kwa mgongo, na asitazame nyuma. Wakakimbia. Ngozi ililia kwenye tairi, gurudumu likashika kasi, likavuma.

"Achia."

Injini ilikohoa. Ikakohoa tena, ikajikokota, na moshi mweusi ukatoka, na baada ya moshi mngurumo mzito ulioendelea, ukaendelea. Oabona alikanyaga klachi na kutoa gia kwa mkono wa kushoto bila kuambiwa. Kelebonye alikaa chini pale pale alipokuwa, kamba mapajani, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Msiguse ufunguo," Gaolathe alisema. "Yeyote atakayezima hii gari namzika hapa."

Aliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Kelebonye alitangulia kwa miguu kila palipokuwa na weusi, akipiga chini kwa mpini wa koleo, akionyesha kushoto au kulia. Mara mbili walirudi nyuma na kuzunguka mbali, na Gaolathe hakubisha hata mara moja. Chumvi ilipokwisha wakapata njia ya mchanga, kisha mbuzi, kisha nyumba za Mmatshumo, kisha lami. Hakusimama popote, hata alipopungiwa mkono na jamaa anaowajua.

Hospitalini Letlhakane walimwingiza Oabona kwenye kitanda cha magurudumu, na Kelebonye akaenda naye, viatu vikiacha tope jeupe sakafuni. Gaolathe alibaki nje, kando ya pikapu iliyokuwa bado inanguruma.

Mlinzi alimfuata. "Rra," alisema kwa heshima, "zima gari. Moshi unaingia wodini."

"Nalisogeza." Akalisogeza hadi ukutani, akaliacha linanguruma. Kama wangesema shemeji apelekwe kwingine, hospitali kubwa zaidi, alitaka awe tayari. Mlinzi alirudi, akamwona uso, akaondoka.

Jua liliondoka ukutani. Watu walikuja na kuondoka. Gaolathe alikuwa ameegemea boneti, anahesabu makosa yake, na kila alipoyahesabu yalianza na kisanduku kile kidogo kilichokuwa kinafanya kazi yake.

Kelebonye alitoka akitembea polepole. Kidevu chake kilikuwa kimefungwa plasta. Gaolathe alijaribu kusoma uso wake, akashindwa.

"Wameuvuta mfupa, umerudi mahali pake," alisema. "Daktari kamwambia afunge ngumi. Kafunga. Halafu kamwambia afungue, kakataa."

"Kakataa vipi?"

"Alikuwa kanishika kwa mkono ule ule. Kanibana, Gao. Kanibana mpaka nimeumia."

Gaolathe aligeuka akaangalia ukuta. Mabega yake yalitikisika, na dada yake akamwacha alie, akasimama tu karibu naye. Baadaye Kelebonye alipiga mlango wa gari kwa vidole.

"Sasa zima hii takataka."

"Nikiizima haitawaka tena."

"Na isiwake. Hatuendi popote."

Gaolathe akaingiza mkono dirishani, akazungusha ufunguo.