Sauti Ndani ya Nta

Daktari alifika bila kuitwa.

Mvua ya mawe ilikuwa imekatika muda mfupi tu uliopita. Chevrolet nyeusi ikapanda hadi nyumba ya shamba la chai, karibu na Roret. Akashuka Mzungu mwembamba, mkononi mkoba mkubwa wa ngozi. Alisema ametumwa kutoka Kericho kumtibu Bwana Torsrud, na kwamba mawe yalimpiga njia nzima.

Ojwang alimpokea koti. Pale nyumbani alijulikana kama boi, mtumishi wa ndani. Nairobi, ofisi ya siri ya serikali, iliyomtuma kumlinda Torsrud, ilimwita Kumi na Saba.

Alilitazama gari.

Mawe ya huku huchanachana chai. Gari lililopita mvuani lingefika limegandwa na majani mabichi hadi kwenye boneti. Hili lilikuwa safi.

Mgeni alikuwa amejificha mahali, akingoja.

"Daktari gani huyu," Drusilla mpishi alinong'ona, "haulizi hata kama mgonjwa amekula?"

Mzee Torsrud alikuwa mtaalamu wa bahari. Alikuwa amezunguka kusini kabisa mwa dunia kwa meli za utafiti, akipima barafu na kuchunguza uduvi wanaoliwa na nyangumi. Ndani ya barafu aligundua ghuba ambamo nyangumi mama huleta watoto wao kula. Hakumwambia mtu. Sasa mapafu yalikuwa yamekwisha, na homa ilimfanya aropoke.

Wavuvi wa magendo wa nyangumi walilijua hilo.

Ojwang alitega sikio mlangoni. Mzee alikuwa akitaja ghuba. Chini ya sauti yake kulikuwa na mvumo, kama nzi ndani ya chupa.

Mashine.

Akaingia na bastola yake, Webley.

"Mikono juu, Daktari."

"Weka hiyo kitu chini, boi. Utajiumiza."

Kisu kidogo cha mgeni kikamchana Ojwang kiganja. Akampiga mgeni kwa kitako cha bastola. Mara moja. Ilitosha. Akamfunga kwa kamba ya chandarua.

Mkobani mlikuwa na Dictaphone, mashine ya kunasa sauti. Sauti yote ya mzee ilikuwa imenaswa kwenye silinda ya nta ndani yake.

Torsrud alifumbua macho.

"Nimesema?"

"Umesema, Bwana."

Mzee alilia bila sauti. "Watawaua mama na watoto pamoja. Niahidi, Ojwang. Asisikie mtu. Hata watu wako."

"Naahidi."

Mkono wa mzee ulilegea ndani ya mkono wake, ukabaki hivyo.

Ojwang alimfunika, akaenda kwenye simu.

"Kumi na Saba."

"Mgeni?" mkubwa wake aliuliza.

"Amefungwa. Mzee amefariki. Sauti yake iko kwenye nta."

"Vizuri sana. Serikali pia ina meli za nyangumi. Ilete, uhamie Kisumu kwa mke wako."

Beldina, mkewe, alikuwa katika mwezi wa mwisho wa ujauzito. Barua zake zote ziliuliza swali moja: utakuja lini?

"Nta imeharibika, Bwana."



"Imeharibika, ama unaiharibu?"

Ojwang aliigeuza nta mkononi.

"Basi utakwenda Lodwar, jangwani kaskazini. Lori litakuchukua leo."

Simu ikakatika.

Nta ilikuwa bado nzima mkononi mwake. Alikwenda jikoni, akamwomba Drusilla aondoe sufuria mekoni, akaitumbukiza motoni. Ikatoa moshi mzito.

Drusilla aliuliza Beldina ataambiwa nini.

Ojwang alisubiri hadi tone la mwisho likaungua. Akafunga kiganja kwa kitambaa, akavaa kofia, akateremka barabarani kungoja lori.